Pampu ya Joto katika Nyumba ya Baridi: Tupime Kabla ya Kutia Saini



Kila mwaka, majani ya miti yanapogeuka rangi hapa Maine, sisi tunaowahudumia waamini wanaosali kwa Kiswahili huanza kupokea swali lile lile baada ya Misa: je, inafaa kuiacha tanuru ya mafuta na kuweka pampu ya joto? Wanaouliza wengi ni ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda ambao wamefika hatua ya kununua nyumba, na ambao wametembelewa na muuzaji mwenye mkataba mkononi. Swali hili ni la fedha, lakini ni la kichungaji pia, kwa sababu familia ikikosea katika jambo hili, watoto hulala katika baridi ama bili hula karo na sadaka kwa pamoja.

Tuanze na mashine yenyewe. Pampu ya joto haitengenezi joto kama moto unavyofanya, inalihamisha. Atakayegusa mgongo wa friji ataona una joto: joto lile limetolewa kwenye vyakula vilivyomo ndani. Pampu hufanya kazi hiyo hiyo kwa kugeuza upande, ikichota joto la hewa ya nje na kulimwaga sebuleni. Mtu atauliza, kuna joto gani nje wakati theluji imefunika magari? Lipo. Hata katika nyuzi 15 chini ya sifuri hewa ina joto linaloweza kuchotwa, ila kulichota kunadai umeme mwingi zaidi. Siku isiyo na baridi kali, pampu nzuri hutoa uniti tatu au zaidi za joto kwa kila uniti moja ya umeme. Katika baridi hiyo kali hushuka hadi karibu mbili. Wala si jambo geni: jiji la Zürich huko Uswisi lilipasha joto jengo la halmashauri yake kwa pampu iliyochota joto la mto tangu mwaka 1938, na Norway, nchi ya theluji, imeziweka katika zaidi ya nusu ya nyumba zake. Hapa kwetu serikali ya Maine iliweka mwaka 2019 lengo la pampu 100,000 ifikapo 2025, na lengo likatimia 2023.

Kwa hiyo anayesema kwamba mashine hizi hazifai kabisa penye baridi, anakosea. Lakini anayesema zinafaa kila nyumba anakosea vilevile, na huyu wa pili ndiye mwenye mkataba.

Hakuna jimbo lingine la Marekani ambalo kaya hutegemea mafuta ya kupashia joto kwa kiwango kikubwa kama Maine, basi hesabu ianzie hapo. Galoni moja ya mafuta, ikichomwa katika tanuru yenye hali nzuri, hutoa joto la uniti 34 hivi. Pampu nzuri, kwa wastani wa majira yote ya baridi, hutoa uniti mbili na nusu za joto kwa uniti moja ya umeme. Ukigawa 34 kwa 2.5 unapata takribani 14. Chukua basi bili yako ya umeme, gawanya jumla ya malipo kwa idadi ya uniti, kisha zidisha kwa 14. Kama uniti inakugharimu senti 25, jibu ni dola 3 na senti 50. Galoni ya mafuta ikiuzwa zaidi ya hapo, pampu inakusaidia; ikiuzwa chini ya hapo, mafuta bado ni nafuu. Mwenye gesi ya bomba azidishe kwa 11 na kulinganisha na bei ya themu moja. Mara nyingi ataona hana sababu ya kuharakisha. Yule anayepasha nyumba kwa hita za umeme za ukutani hahitaji hesabu ndefu, kwa maana atatumia umeme pungufu ya nusu ya anaotumia sasa.

Hesabu hii, hata hivyo, haijui nyumba yako ina matundu mangapi. Nyumba nyingi tunazozibariki ni za mbao, kuukuu, na upepo huingia kwenye dari na kwenye fremu za madirisha. Kuziba nyufa na kujaza dari kwa nyenzo za kuhifadhi joto ni kazi isiyo na fahari wala kelele, lakini ndiyo tungependa itangulie, kwa sababu nyumba iliyozibwa huhitaji mashine ndogo na ya bei ndogo.

Familia moja iliyotoka Bukavu ilishauriwa kung'oa tanuru yote mara moja. Joto la sebuleni lilitosha. Lakini tanuru ile ndiyo iliyokuwa ikipasha chumba cha chini ya nyumba bila mtu kujua, na usiku mmoja wa Januari mabomba ya maji yaliganda na kupasuka. Tangu hapo tunasema: acha tanuru ibaki walau majira mawili ya baridi, ikusaidie usiku mkali, hadi uijue nyumba yako. Na muuzaji aandike kwenye karatasi mashine inatoa joto kiasi gani katika nyuzi 15 chini ya sifuri, si katika nyuzi 8 juu yake. Kifaa cha nje kiinuliwe juu ya kina cha theluji. Tena, chumba kinachofungwa mlango usiku hakitapata joto la mashine iliyoko sebuleni.

Mama mmoja alitulalamikia, "Padre, mashine hii inapuliza upepo tu." Kweli, hewa yake si ya moto kama ya tanuru, inapasha polepole, na kuizima asubuhi na kuiwasha jioni ni kuipotezea faida. Iache palepale ulipoiweka. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aya ya 211, alitaja hata kuvaa nguo nzito zaidi na kupunguza joto la nyumba kama tendo la upendo kwa uumbaji. Sweta, basi, lina nafasi yake katika bajeti.

Umeme ukikatika, pampu hunyamaza, na tanuru pia, kwa kuwa nayo huwashwa kwa umeme. Tafadhali, ndugu wapendwa, asiingize mtu jiko la mkaa wala jenereta ndani ya nyumba. Moshi usioonekana umeua watu katika nyanda za juu za kwetu, na katika nyumba za huku, zilizofungwa sana, huua upesi zaidi.

Tumebakiza wapangaji, ambao ndio wengi wetu. Mwenye nyumba aliyekuwa akilipia mafuta akiweka pampu inayosoma kwenye mita ya mpangaji, gharama ya joto imehama kimya kimya kutoka mfuko wake hadi wako. Huenda kodi ikabaki ile ile. Kabla ya kutia saini mkataba mpya, tafuta mstari unaosema nani analipia joto. Usipouelewa, uje nao Jumapili baada ya Misa, pamoja na bili ya umeme ya Januari iliyopita, tuusome pamoja.