Mpingo au plastiki: klarineti besi kwa mwanafunzi wa Shinyanga

Klarineti besi ni ala ya kupuliza yenye sauti nzito, oktava moja chini ya klarineti ya kawaida. Umbo lake la leo limetokana na kazi ya Adolphe Sax, aliyepata hataza yake mwaka 1838. Nyingi za bei kubwa huchongwa kwa mpingo, mti unaoota hata katika ngitili, yaani malisho yaliyotengwa ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianza kuyafufua mwaka 1986. Je, mwanafunzi wa Shinyanga aanze na ala ya mpingo?

Tuanze na sauti. Mdomoni mwa ala hufungwa ulimi, yaani kipande chembamba cha tete. Pumzi huutikisa, na hewa iliyomo bombani huitikia. Kinachotoa sauti ni hewa hiyo. Ukuta wa bomba kazi yake kubwa ni kuipa urefu na umbo.

Pili, mdomo wa mchezaji. Ulimi wa besi ni mpana. Anayebana midomo kama apulizavyo klarineti ndogo huambulia mlio mkali tu. Hana budi kuilegeza kidogo na kutoa pumzi nyingi, tulivu. Vidole havimsumbui sana, kwa kuwa mpangilio wa vitufe unakaribiana.

Tatu, unyevu. Kiangazi cha Shinyanga hudumu takriban Mei hadi Oktoba, na hewa hukauka. Pumzi ina joto na majimaji: ukuta wa ndani hulowa na kutanuka, wa nje ukibaki mkavu. Mvutano huo ndio unaopasua mti. Mpingo huvumilia ukame ukiwa hai, lakini ukishakuwa bomba hauna mizizi wala gome. Ndiyo maana ala mpya ya mti hupulizwa dakika chache kwa siku, kisha hufutwa ndani. Anayeanza, kinyume chake, anahitaji saa nyingi za mazoezi.

Nne, matengenezo. Sonara anaweza kulehemu kitufe kilichovunjika. Lakini kuziba ufa, au kurekebisha vifuniko vya matundu hadi visivujishe hewa hata kidogo, ni ufundi mwingine.

Tukijumlisha, plastiki inamfaa zaidi anayeanza: haipasuki kwa unyevu, na hewa ya ndani huitikia vilevile. Aanze na klarineti ndogo ya plastiki, ahamie besi ya plastiki pumzi ikikomaa. Mpingo aununue atakapokuwa na uwezo wa kuutunza.