Watafiti wa chakula kinachotupwa wapata wanasheria wa bure

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa nyanya akipeleka matenga sokoni siku ambayo bei imeanguka, sehemu ya mzigo wake huishia jalalani. Watafiti wamekuwa wakipima hasara ya namna hiyo kwa miaka mingi, lakini ripoti nyingi hubaki kabatini.

Sababu mojawapo ni kwamba kinachozuia chakula kuokolewa mara nyingi ni kifungu cha sheria. Mtafiti wa kilimo anajua kupima kilo zilizooza. Hajafundishwa kusoma sheria, wala kujua ni nani mwenye mamlaka ya kuibadilisha.

Hasara yenyewe si ndogo. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) inaonyesha kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula madukani, migahawani na majumbani. Hiyo ni asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji. Kwa makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), asilimia 13 nyingine hupotea baada ya mavuno, kabla ya kufika dukani.

Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka chakula kinachotupwa madukani na majumbani kipungue kwa nusu ifikapo 2030.

Mtaalamu na mwanasheria

Mfano ulio wazi wa watafiti kusaidiwa na wanasheria unatoka Marekani. Mwaka 2012 Dana Gunders, mtaalamu wa shirika la mazingira la NRDC, alitoa ripoti iliyoonyesha kuwa hadi asilimia 40 ya chakula cha nchi hiyo hakiliwi.

Moja ya sababu ilikuwa tarehe zinazochapishwa kwenye pakiti. Walaji wengi waliamini kuwa chakula kilichopita tarehe ni sumu, wakati tarehe nyingi zilionyesha tu muda ambao ladha ni nzuri zaidi.

Swali lililofuata lilikuwa la kisheria: nani aliyeagiza tarehe hizo ziwekwe? Hapo ndipo ilipoingia kliniki ya sheria ya chakula ya Chuo Kikuu cha Harvard, inayoongozwa na Emily Broad Leib. Katika kliniki kama hiyo, wanafunzi wa sheria hufanya kazi za wateja wa kweli wakisimamiwa na mawakili. Mteja halipi ada, na mwanafunzi hupata mafunzo.

Wanasheria hao walipitia sheria za majimbo yote. Ripoti waliyoitoa pamoja na NRDC Septemba 2013 ilionyesha kuwa, ukiacha maziwa ya unga ya watoto wachanga, hakukuwa na sheria ya taifa inayoagiza tarehe hizo. Kila jimbo lilikuwa na utaratibu wake.

Jimbo la Montana lilikuwa mfano mbaya kuliko yote. Filamu fupi iliyotolewa na kliniki hiyo mwaka 2016 ilieleza kuwa maziwa yalipaswa kuandikwa tarehe ya siku 12 baada ya kuchemshwa kiwandani. Siku hizo zikipita, hayakuruhusiwa kuuzwa wala kugawiwa bure, hata kama yalikuwa bado mazima. Yalimwagwa.

Matokeo yalichukua muda. Mwaka 2017 vyama vikubwa vya watengenezaji na wauzaji wa vyakula Marekani vilikubaliana kupunguza maneno ya tarehe yabaki ya aina mbili: moja la ubora, jingine la usalama. Septemba 2024 jimbo la California lilipitisha sheria inayolazimisha utaratibu huo kwa vyakula vinavyotengenezwa kuanzia Julai 1, 2026. Tangu ripoti hadi sheria ilikuwa miaka 11.

Hofu ya kushtakiwa

Kikwazo cha pili ni hofu. Mwenye duka au mgahawa huogopa kugawa chakula kilichobaki, asije akashtakiwa mtu akiugua. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1996 inayomkinga anayetoa chakula kwa nia njema kupitia taasisi za misaada, isipokuwa pale penye uzembe mkubwa au kusudi la kudhuru.

Hata hivyo, kinga hiyo haikumfikia aliyempa mhitaji moja kwa moja. Wanasheria wa kliniki walikuwa miongoni mwa waliodai irekebishwe, na marekebisho yalitiwa saini Januari 2023. Sasa wakulima, wenye maduka na migahawa wamo ndani ya kinga wanapotoa chakula wenyewe bila kupitia taasisi.

Kikwazo cha tatu ni kodi. Katika baadhi ya nchi, anayetoa bidhaa bure anaweza kudaiwa kodi ya ongezeko la thamani kana kwamba ameuza. Kwa hesabu hiyo, kutupa kunakuwa rahisi kuliko kutoa.

Yafika Afrika

Kliniki hiyo, ikishirikiana na Mtandao wa Kimataifa wa Benki za Chakula, imekuwa ikilinganisha sheria za utoaji wa chakula katika nchi mbalimbali, zikiwamo Kenya, Nigeria, Ghana na Afrika Kusini. Inaangalia usalama wa chakula kinachotolewa, tarehe za pakiti, kinga ya mtoaji, kodi, adhabu za kutupa na ruzuku za serikali. Kila nchi huandaliwa mwongozo na mapendekezo ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma bila malipo.

Huku kwetu, Kenya ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 na Tanzania ina yake ya mwaka 2017. Lakini sheria hizi zinamlenga zaidi mtu asiye na uwezo wa kulipa wakili katika shauri lake. Mtafiti anayetaka kanuni ibadilishwe anahitaji msaada wa aina nyingine, na mahali pa kuanzia kubisha hodi ni vitivo vya sheria vya vyuo vikuu.

Mkulima anapata nini?

Mkulima au mfanyabiashara mdogo anaweza kuuliza, haya yananihusu nini? Jibu ni kwamba yeye ndiye mwenye takwimu. Mtafiti hawezi kumwonyesha mwanasheria hasara isiyoandikwa popote.

Kwa hiyo, chama cha ushirika au umoja wa wauza mboga sokoni unaweza kuanza na mambo haya:

Kwanza, weka daftari. Andika tarehe, aina ya zao, kilo zilizotupwa na sababu: bei, ukosefu wa soko, usafiri, au agizo la ofisa.

Pili, ukiambiwa chakula hakiruhusiwi kuuzwa au kugawiwa, omba kwa heshima uonyeshwe kifungu. Wakati mwingine ni sheria, wakati mwingine ni mazoea tu. Mazoea hayahitaji Bunge kubadilishwa.

Tatu, pelekeni daftari hilo kwa mtafiti wa chuo cha kilimo kilicho karibu, na mshaurini atafute mwenzake wa sheria mapema, kabla utafiti haujaisha.

Nne, tumieni milango iliyopo. Katiba ya Kenya, ibara ya 119, inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Tanzania, kamati za Bunge hukaribisha maoni ya wadau muswada unapojadiliwa.

Mwanasheria wa bure hawezi kuahidi ushindi, na chakula kilichoharibika hakipaswi kugawiwa kwa mtu yeyote. Anachoweza ni kugeuza malalamiko ya sokoni kuwa hoja yenye kifungu, takwimu na pendekezo, ambayo waziri au mbunge anaweza kuijibu.