Taa za rangi: kuzima na kuwasha kulivyofikishwa mahakamani

BALBU ya kizamani ikipunguziwa umeme huwaka kwa unyonge na kuwa nyekundunyekundu. Taa za LED zinazobadili rangi hazifanyi hivyo. Huzimwa na kuwashwa mamia au hata maelfu ya mara kwa sekunde, na jicho, lisiloweza kuifuata kasi hiyo, huona mwanga uliofifia tu. Kamera ya simu haidanganyiki kirahisi. Ndiyo maana wakati mwingine picha hutokea na mistari. Nyekundu, kijani na buluu zikipewa viwango 256 kila moja, hupatikana michanganyiko zaidi ya milioni 16.

Je, nani anamiliki mbinu hiyo? Color Kinetics ya Boston, Marekani, iliwasilisha ombi la hataza mwaka 1997, ikaipata 2000. Kampuni shindani ya Super Vision ilipinga kwamba huo ni uvumbuzi, lakini mahakama ya Boston ikaiamulia Color Kinetics mwaka 2005. Philips iliinunua kampuni hiyo 2007, na mwaka uliofuata ikaanza kuwatoza watengenezaji wengine ada ya leseni, gharama ambayo kwa kawaida humwangukia mnunuzi. Hataza hiyo ya kwanza ilitimiza miaka 20 mwaka 2017, ikakoma.