Kufundisha Masafa ya Redio za Upepo

Mtoto wa Ushetu, mkoani Shinyanga, huwaona walinzi na wafanyakazi wa migodi wakizungumza kwa redio za upepo. Akiuliza, "Redio ile inatumia masafa gani?" yafaa mwalimu awe tayari.

Kwanza, wanafunzi wawili watikise kamba ndefu. Kadiri waitikisavyo upesi, ndivyo mawimbi yanavyokuwa mafupi. Masafa ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Mitetemo milioni moja huitwa megahezi.

Pili, ifuate hesabu. Gawanya 300 kwa megahezi, nawe utapata urefu wa wimbi kwa mita. Hivyo, wimbi la megahezi 150 lina urefu wa mita 2.

Tatu, wanafunzi wafundishwe kutokisia. Namba ya chaneli si masafa: chaneli ya 1 ya mgodi mmoja yaweza kutofautiana na ya mgodi wa jirani. Kibandiko cha redio huonyesha mipaka yake tu. Masafa yenyewe husomwa katika leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, au hupimwa kwa chombo wakati redio inaporusha sauti.

Mwisho, mwalimu aeleze faida ya elimu hii. Palipotegwa baruti yenye viwashio vya umeme, mawimbi ya redio iliyo karibu mno yaweza kuamsha umeme katika nyaya, baruti ikalipuka. Kwa hiyo tangazo la kuzima redio si adabu tu; ni uhai wa watu. Mtoto aliyetikisa kamba ataielewa sababu, naye atatii.