MVUA, UPEPO NA MOTO KICHAA KATIKA MBUGA ZA MTINKO

Wananchi wa Mtinko, Mkoani Singida, wanakumbushwa kuwa mwaka wa mvua nyingi huleta neema ya malisho na mazao, lakini pia huongeza hatari ya moto kichaa katika kiangazi kinachofuata.

Mkoa wa Singida una msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Mvua ikiwa haba, nyasi huwa fupi, mifugo huzimaliza, na moto hukosa njia katika ardhi tupu. Mvua ikiwa nyingi, nyasi hurefuka na kushikamana mbuga nzima. Hivyo, majani mabichi ya Februari ndiyo kuni za Septemba.

Wakati wa kiangazi upepo wa kusi-mashariki hukausha nyasi hizo. Moto ukizuka, upepo huuchochea kwa hewa, huinamisha ndimi zake juu ya nyasi ambazo hazijawaka, na kurusha cheche mbele. Kwa sababu hiyo, njia nyembamba ya ng'ombe inayoweza kuzuia moto alfajiri, wakati wa umande na utulivu, huvukwa kwa urahisi mchana upepo unapokaza.

Aidha, manyunyu ya Oktoba yasimdanganye mtu. Nyasi kavu ni nyembamba. Hulowa upesi na kukauka upesi. Saa chache za jua na upepo hutosha kuzirudisha katika hali ya kuwaka, hata kama udongo bado una unyevu. Mvua ya jana si kibali cha kuchoma leo. Hatari hupungua kweli pale tu mbuga inapochipua upya.

Moto mmoja waweza kuteketeza malisho ya miezi iliyobaki, mizinga ya nyuki, mazizi na nyumba za nyasi. Kwa hiyo wananchi wanashauriwa:

(a) kulima barabara za kuzuia moto mapema, nyasi zingali na ubichi, na kuzipanua zaidi baada ya msimu wa mvua nyingi;

(b) kutochoma mashamba wakati wa upepo, na kuuliza kwanza kwa uongozi wa kijiji, kwani Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweka masharti juu ya uchomaji wa mimea;

(c) warina asali na wachungaji kuzima kabisa mioto yao kabla ya kuondoka.