Fedha ya Serikali na Kuni za Shinyanga



Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo rohoni. Alisema, “Kila siku twasikia redioni kuwa wenzetu wa bara wauziwa mitungi ya gesi kwa nusu bei. Sisi wakulima wa karafuu tumekosa nini?” Watu walicheka, lakini swali lile si la kuchekwa. Nilimwahidi kulijibu katika gazeti letu, na leo natimiza ahadi.

Mitungi ile hutolewa kwa njia ya Wakala wa Nishati Vijijini, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara, wala haifiki huku visiwani. Basi hatukunyimwa, mlango wetu ni mwingine, nao ni Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye ni mwenzetu wa visiwani, alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na moshi wa kuni na makaa. Katika mwendo huo Wakala ulipanga mitungi 452,445 ya kilo 6 iuzwe kwa nusu bei, yaani mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Mkoa wa Shinyanga una wilaya tatu: Shinyanga, Kahama na Kishapu. Hesabu yake ni mitungi 9,765 kwa mkoa mzima.

Sisemi kuwa mtungi wa nusu bei ni kitu kibaya. Mama aliyekohoa jikoni miaka ishirini hawezi kuambiwa hivyo. Lakini gesi huisha, na mtungi ukiisha punguzo nalo limekwisha. Kujaza ni kwa bei ya dukani. Mkulima wa pamba wa Kishapu ana fedha akishauza pamba yake, na sisi tuna fedha tukishauza karafuu. Miezi mingine je? Mtungi husimama pembeni mwa jiko kama pambo, na mafiga matatu huwashwa kama zamani.

Nimeitaja Shinyanga makusudi. Ni nchi ya mbali nasi, kusini ya Ziwa Victoria, kavu, haina hata mkarafuu mmoja. Lakini huko Serikali ilitia fedha katika jambo la kuni tangu mtungi wa gesi haujajulikana vijijini, na yaliyotokea yafaa yajulikane na kila mwanachama kabla hatujapeleka ombi lolote.

Zamani Shinyanga ilikuwa na misitu. Wakati wa Waingereza miti mingi ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o waliokuwa wakiua ng'ombe. Kisha ikaja pamba, nayo ikataka mashamba mapya, ng'ombe wakaongezeka, na katika miaka ya 70 watu wakahamishiwa katika vijiji, wakayaacha malisho waliyokuwa wakiyatunza wenyewe. Miti ikaisha. Watu wakapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, na kinyesi kilichochomwa jikoni ni mbolea iliyopotea shambani. Mwalimu Nyerere, alipouzuru mkoa ule katika miaka ya 80, alishtushwa na alivyouona unageuka jangwa.

Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu huuita HASHI, kwa msaada wa fedha za Norway. Mwanzoni mabwana misitu walifanya kama wafanyavyo mabwana misitu popote: wakaweka vitalu, wakagawa miche, mingi yake ya miti ya kigeni. Miche ikapokewa kwa adabu. Msukuma hakuiona kuwa ni yake.

Walipokaa na wazee ndipo walipolielewa neno ngitili. Ngitili ni kipande cha malisho ambacho Wasukuma tangu zamani hukifunga mvua zinapoanza, kisiingie ng'ombe, ili majani yake yawafae wanyama wakati wa kiangazi kikali. Kilichokuwa kimesahauliwa ni kwamba ardhi ikifungwa hivyo, visiki vilivyomo navyo huchipua. Havihitaji kitalu wala miche wala lori la kuileta. Vyataka kuachwa tu. Ngitili nyingine ni za mtu na jamaa zake, nyingine ni za kijiji kizima. Kanuni zake husimamiwa na mkutano wa jadi uitwao dagashida, na sungusungu huwashika wanaozivunja, nao hutozwa faini. Tangu hapo kazi kubwa ya HASHI ikawa ni kusaidia jambo ambalo watu walilijua: kufundisha, kupima, na kuzipa kanuni za vijiji nguvu ya sheria.

Mpango ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600. Ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833. (Hekta moja ni karibu eka mbili na nusu. Tena mkoa wa wakati ule ulikuwa mkubwa kuliko wa sasa, maana Maswa, Meatu na Bariadi zimekuwa Mkoa wa Simiyu tangu 2012, na Bukombe imo Geita.) Wataalamu waliokwenda kupima walikuta kuwa mwanamke aliyetafuta kuni alipunguziwa mwendo wa saa mbili hadi sita kila safari. Mwaka 2002, kule Johannesburg, mpango huo ulipewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Ila haki isemwe yote. Mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa, na maskini aghalabu hana ila kipande kidogo au hana kabisa. Na mti uliokwisha kua humtia tamaa mchoma makaa, hasa pale mji unapokuwa jirani na fedha za wafadhili zimekwisha ondoka. Mahali ambapo wazee walikuwa imara ngitili zimesimama. Mahali ambapo ziliachiwa ofisi, shoka limerudi.

Sasa turudi kwetu. Mwenye eka tatu hawezi kufunga malisho ya mamia ya eka, wala mimi siwaambii tuige ngitili. Nauliza tu: ni kitu gani tulicho nacho tayari, ambacho fedha ya Serikali ikikikuta itashika? Mimi naona viwili. Cha kwanza ni mipaka ya mashamba yetu, ambayo wazee walikuwa wakiipanda miti na sisi tumeiacha wazi. Cha pili ni kambi za wachumaji. Wakati wa msimu kambi moja hupika mara mbili au tatu kwa siku, kwa sufuria kubwa, juu ya mawe matatu yaliyo wazi kwa upepo, na moto mwingi hupotea pembeni. Jiko banifu la udongo, lile linaloufunga moto chini ya sufuria, fundi wetu yeyote wa kufinyanga aweza kulijenga akionyeshwa mara moja. Nami nimeona kwa macho yangu mkarafuu mzima ukikatwa kwa sababu kambi ilikosa kuni na mvua ilikuwa inakuja. Mkarafuu huo ulichukua miaka mingi kufika pale, ukapikia wali wa siku nne.

Halmashauri imekubali kuandika ombi la msaada wa majiko ya kambi. Lakini mimi nimekataa kulipeleka mikono mitupu. Afisa atakayelipokea atauliza: mwatumia kuni kiasi gani, mwazitoa wapi, nanyi mtachangia nini? Kwa hiyo kila katibu wa tawi ahesabu mizigo ya kuni inayoingia katika kambi zake tangu siku ya kwanza ya uchumaji, aandike ni miti gani, na mikarafuu mingapi imekatwa. Asiogope kuandika hata kama ni ya shamba lake mwenyewe. Hesabu zinifikie kabla ya mkutano ujao. Tawi litakalokosa kuleta halitatiwa katika ombi.