Mbio za Safari: Akishinda Yule Yule, Utamu Uko Wapi?

Je, msomaji, kuna haja gani ya kuamka saa tisa za usiku na kuchoma petroli hadi Naivasha ikiwa tayari unadhani unamjua atakayeshinda?

Hilo ndilo swali linalozua ubishi katika nyumba nyingi za Loresho kila mbio za magari za Safari zinapokaribia. Mtaa huu umekaa mahali pazuri kwa wapenzi wa mbio hizo. Ukitoka langoni mwako unateremka hadi barabara ya Waiyaki, na badala ya kuelekea Westlands na katikati ya jiji, unashika njia ya Uthiru, Kinoo na Limuru, kisha Bonde la Ufa linafunguka mbele yako. Ni mwendo wa kilomita 80 hivi hadi Naivasha. Kwa hivyo hakuna anayeweza kusingizia umbali. Anayekataa kwenda huwa na sababu nyingine, na mara nyingi sababu yenyewe ni hii: "Atashinda yule yule tena."

Bila shaka ubishi wenyewe umewahi kuusikia. Babu amekaa kwenye kochi, gazeti mkononi. Mjukuu anayesoma chuo kikuu amekuja nyumbani kula chakula cha Jumapili. "Siku hizi hakuna mbio," Babu anaanza. "Ni Toyota, Toyota, Toyota! Enzi zetu ndizo zilikuwa mbio." Mjukuu naye haachi jambo likapita hivi hivi. "Lakini Babu, si enzi zenu ndizo Shekhar Mehta alishinda miaka minne mfululizo? Nyinyi hamkuchoka?" Mama akiombwa aamue, anasema tu kwamba chakula kinapoa.

Hebu tuwasikilize wote wawili, maana kila mmoja ana hoja yake.

Hoja ya Babu

Tuanze na Babu, kwani mkubwa hapuuzwi. Safari ilirejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002. Tangu hapo, Toyota walishinda mwaka baada ya mwaka hadi 2025: Sébastien Ogier wa Ufaransa mwaka 2021 na 2023, Kalle Rovanperä wa Finland mwaka 2022 na 2024, na Elfyn Evans wa Wales mwaka 2025. Mwaka 2022 na 2023 Toyota walichukua nafasi zote nne za kwanza. Shabiki wa gari jingine alibaki kupigania nafasi ya tano.

Wala malalamiko haya si ya Loresho pekee. Katika mbio za Formula One, Max Verstappen wa Uholanzi alishinda mara 19 kati ya mbio 22 za mwaka 2023. Katika mbio za barabara mbovu, Sébastien Loeb wa Ufaransa alitwaa ubingwa wa dunia miaka tisa mfululizo, kuanzia 2004 hadi 2012. Kila mara mashabiki walijigawa makundi mawili. Wengine walisema wana bahati kumwona bingwa wa namna hiyo maishani mwao; wengine walizima runinga wakaenda kulala.

Babu ana jambo jingine moyoni. Anakumbuka Safari ya zaidi ya kilomita 5,000, magari yakikimbia usiku na mchana, wakati wa Pasaka, mvua ikinyesha. Leo sehemu zinazopimwa kwa saa hazifiki kilomita 400 zote kwa jumla, na dereva hulala kitandani kila usiku. "Hiyo ni matembezi," anasema Babu.

Hoja ya mjukuu

Sasa tumgeukie mjukuu. Yeye anasema ubabe si ugonjwa wa leo. Na ukitazama kumbukumbu, utaona hakosei. Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuhamia Kenya, alishinda Safari mwaka 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982. Joginder Singh alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Björn Waldegård wa Sweden alishinda mara nne kati ya 1977 na 1990. Hata hizo nafasi nne za Toyota si kioja kipya: mwaka 1993, Juha Kankkunen aliposhinda, nafasi nne za kwanza zilikuwa za Toyota vile vile.

Basi kama enzi za Babu zilikuwa na wababe wake, na hata hivyo watu walifurika kando ya barabara, bila shaka kilichowavuta hakikuwa kutomjua mshindi tu. Kilikuwa nini?

Mzazi, tazama jambo hili kwa jicho la shule. Iwapo mtoto fulani anashika nambari moja kila muhula, wenzake hawawezi kusema kwamba masomo yameharibika. Kwanza utauliza mtihani ulikuwaje. Ukiwa ni ule ule kila mwaka, maswali yale yale, basi nambari moja hiyo haina uzito. Lakini mtihani ukibadilika kila mara, ukiwa mgumu, na yule mtoto bado anaongoza, huyo utamvulia kofia.

Safari ilikuwa mtihani wa aina hiyo ya pili. Mwaka 1963 magari 84 yaling'oa nanga, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na mara hii tena yaliyorudi yalikuwa saba. Matope yaliyameza mengine. Katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404. Je, kuna aliyesema anachosha?

Au chukua ule ushindi wa kwanza wa Mehta, wa mwaka 1973. Baada ya maelfu ya kilomita, yeye na Harry Källström wa Sweden, wote wakiendesha Datsun, walikuwa wamelingana kabisa kwa alama za adhabu. Ilibidi waamuzi warudi nyuma kuangalia ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ndivyo Mehta alivyopata ushindi. Na mwaka 1982 aliposhinda mara ya nne mfululizo, nyuma yake alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huo huo alitawazwa bingwa wa dunia. Huyo hakuwa mpinzani wa kuokotwa njiani.

Naivasha nako si mchezo

"Hayo ni ya zamani," utasema. Haya, twende Naivasha ya juzi.

Mwaka 2021, Thierry Neuville wa Ubelgiji akiendesha Hyundai aliingia siku ya mwisho akiwa anaongoza. Alikuwa amewaacha wenzake karibu dakika moja nzima. Asubuhi hiyo, katika sehemu ya Loldia, kifaa cha kupunguza mitikisiko upande wa nyuma wa gari lake kikavunjika, na ndoto yake ikaishia pale. Ogier akashinda, akimtangulia Takamoto Katsuta wa Japani kwa sekunde 21.8. Mwaka 2023, katika ile Safari ambayo Babu anasema haikuwa na ushindani kwa kuwa Toyota walitwaa nafasi nne, Ogier alimshinda Rovanperä kwa sekunde 6.7 tu. Hesabu moja hadi saba kwa haraka, tayari zimepita.

Rovanperä mwenyewe alifunzwa na barabara hizi kabla ya kuzishinda. Mwaka 2021 alikwama huko Kedong katika lile vumbi laini kama unga, linalomeza gurudumu kama vile matope yalivyomeza magari ya 1963. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 21, akarudi na kushinda. Kuna jambo hapa ambalo Babu huenda amelisahau: baba yake kijana huyo, Harri Rovanperä, alimaliza wa pili katika Safari mwaka 2001 na tena mwaka 2002. Kile ambacho baba alikikosa mara mbili, mwana alikipata miaka 20 baadaye.

Na yule Loeb aliyetawala dunia miaka tisa? Katika Safari alimaliza wa tano mwaka 2002, na aliporudi mwaka 2022 gari lilimharibikia. Safari hajawahi kuishinda. Barabara zetu hazisomi vyeti vya mtu.

Kwa hivyo, katika hili mjukuu ameshinda. Kuhusu zile barabara za zamani, ni vyema pia Babu akumbuke kwamba hazikuwa zimefungwa kwa umma. Gari la mashindano liliweza kukutana na matatu, lori au kundi la ng'ombe, na helikopta ziliruka juu kumwonya dereva. Ilisisimua, ndiyo, lakini ni mzazi gani angependa mtoto wake avuke barabara ya namna hiyo akienda dukani? Urefu ulipunguzwa na barabara zikafungwa, na hatuna haja ya kulilia hatari.

Lakini Babu hajamaliza

Hata hivyo, Babu ana hoja moja ambayo mjukuu hawezi kuipuuza. Mara nyingi, anayesema "ni yule yule" anataka kusema "si wa kwetu".

Fikiria. Safari ilianza mwaka 1953, na hadi mwaka 1972 hakuna mgeni aliyekuja kutoka ng'ambo akaondoka na ushindi. Hannu Mikkola wa Finland ndiye aliyevunja mwiko huo, akiendesha Ford Escort. Kabla ya hapo, na hata baadaye wakati wa Mehta na Joginder, aliyekuwa akitawala alikuwa jirani. Joginder, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika mashindanoni, ndugu yake Jaswant akiwa mwelekezi kando yake. Fundi wa gereji aliyemwona akipita alijua kwamba kwa gari kuukuu, bidii na kuijua njia, mtu wa hapa aliweza kuwashinda walimwengu.

Mkenya wa mwisho kushinda Safari ikiwa ya ubingwa wa dunia ni Ian Duncan, mwaka 1994. Mwaka huo huo Patrick Njiru alimaliza wa nne akiendesha Subaru, na wakazi wa Nairobi wenye umri wa kutosha hawajasahau shangwe za siku hiyo. Safari iliposhuka na kuwa ya ubingwa wa Afrika, Carl Tundo alishinda mara tano, idadi sawa na ya Mehta. Kama ushindi huo unalingana na ule wa Mehta ni ubishi mwingine, nao unaweza kuwachukua hadi wakati wa chai ya jioni.

Na tangu 2021? Mwaka huo Onkar Rai alimaliza wa saba kwa jumla, mbele ya Wakenya wenzake wote. Mwaka 2022 Maxine Wahome alishinda kundi la WRC3. Ni mambo ya kujivunia. Lakini walikuwa katika magari ya daraja la chini, wakati yale ya mbele kabisa yalikuwa ya kampuni kubwa zenye mafundi wengi na fedha zisizopimika. Tukirudi kwenye mfano wa shule, mtihani ni ule ule mgumu, lakini vitabu vilivyo bora vina wachache. Hapo ndipo utamu unapopungua, na hapo Babu ana haki ya kulalamika.

Familia ifanye nini?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi msomaji, Safari ijayo ikifika, jaribu hivi nyumbani kwako. Kabla ya kuondoka, kila mtoto achague madereva wawili: mmoja wa mbele na mmoja wa humu nchini. Yule wa mbele mwangalie kwa sekunde, ili watoto waone jinsi ushindi unavyoweza kuponyoka kwa jiwe moja. Yule wa hapa mshangilieni apitapo, hata akiwa wa ishirini, na msiondoke kando ya barabara mara tu magari kumi ya kwanza yanapopita, kama wengi wafanyavyo. Kampuni yenye fedha za kudhamini dereva hutazama pia ni nani anayeshangiliwa.

Mchague pahali pagumu pa kutazamia, lakini simameni mbali na palipoinuka, na mtoto ashikwe mkono. Bebeni maji na leso za kujifunika pua, maana vumbi la Naivasha halibagui bingwa na shabiki.

Na ikiwa saa tisa za usiku utamkuta Babu tayari ameketi kiti cha mbele cha gari, blanketi magotini na chupa ya chai kando yake, tafadhali usimkumbushe aliyoyasema Jumapili iliyopita. Washa gari mwende.